Kanisa Tulilolikuta Rabai

Andiko la leo ni refu. Kama uko kwenye matatu, lisome polepole hadi utakaposhuka. Kama uko jikoni, epua sufuria kwanza.

Juzi tulikuwa watu tisa ndani ya gari la kanisa, tukienda Kaloleni kwa mkutano wa injili. Wewe uliyewahi kwenda huko unaijua njia. Ukitoka Nairobi, ukifika Mazeras unayaacha malori yaende zake Mombasa, nawe unakata mkono wa kushoto. Hapo joto linabadilika, minazi inaanza, na barabara inapanda na kushuka vilimani. Hatukuwa tumeenda mbali gurudumu la nyuma likapata pancha. Fundi akasema nusu saa, na fundi wa pancha akisema nusu saa unajua ni saa nzima. Akina mama wa kwaya wakashuka kunyoosha miguu. Wakarudi wakituita: huku kuna kanisa la zamani sana, njooni muone.

Ni kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Paulo, hapo Rabai, na si kubwa. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani alitukaribisha: "Karibuni, anangu." Hakutuuliza sisi ni wa dhehebu gani. Alituambia kanisa lile lilijengwa mwaka 1887, na kwamba misheni yenyewe ilikuwapo miaka mingi kabla ya jengo. Binti mmoja wa kwaya, yuko chuo mwaka wa pili, akanigeukia: "Pasta, kwani huku kulikuwa na Wakristo kabla ya reli?"

Mpendwa, hilo swali ndilo limenifanya niandike. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Injili ilikuwa imefika Rabai mwaka 1846. Ni miaka 50 kamili kabla ya reli, kabla mji wa Nairobi haujawa hata hema moja, kabla nchi hii haijaitwa Kenya. Nasi Wapentekoste tuna tabia ya kuanzia hesabu siku tuliyosimika hema letu na kufunga spika.

Walioanza walikuwa Wajerumani wawili, lakini waliotumwa na shirika la Kiingereza, Church Missionary Society, ambalo wazee wetu waliliita CMS. Wa kwanza ni Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufungiwa mlango Uhabeshi, akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Zanzibar ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Alikuja na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Julai ya mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike katikati ya homa kali. Mama akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa hiyohiyo. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi liko huko hadi leo. Akaiandikia kamati iliyomtuma kwamba sasa wanalo kaburi katika pwani hii, na walichukue kuwa dalili kwamba kazi imeanza.

Soma sentensi hiyo tena, kisha kumbuka ni mara ngapi tumeahirisha mkutano kwa sababu ya mvua.

Kuna jambo dogo hapa ambalo halisemwi sana. Mwezi Juni 1844, kabla hajampoteza mkewe, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohidini, mtu wa asili ya Barawa. Mwislamu, tena kadhi. Aliketi na mgeni huyu akimwonyesha neno la kufaa. Kwa hivyo ukisikia kijana wetu mtandaoni anawatukana majirani zetu Waislamu kana kwamba hawajawahi kututendea jema, mwambie arudi mwaka 1844.

Mwaka 1846 akaja wa pili, Johannes Rebmann. Agosti 25 mwaka huo wakapanda mlima kwenda Rabai, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa. Hawakuingia kwa nguvu. Rabai ilikuwa na wazee wake na kaya zake, vijiji vya ndani ya msitu, na wazee hao ndio waliowapa ruhusa ya kukaa. Misitu hiyo ya kaya za Mijikenda ipo bado, na mwaka 2008 UNESCO iliitia baadhi yake, zikiwemo za Rabai, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu wa injili alikuwa mgeni aliyekaribishwa na wenyeji.

Sehemu inayofuata ndiyo vitabu vya shule vinaipenda, nami nitaipita mbio. Mei 1848 Rebmann akauona Mlima Kilimanjaro na theluji yake, na wataalamu wa London wakamcheka. Desemba 1849 Krapf akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani, alikokuwa mgeni wa Chifu Kivoi. Ulijibu hilo kwenye mtihani ukapata maksi yako. Lakini hawakuja kutafuta milima, walikuja kutafuta watu. Na kwa upande wa watu, hesabu ilikuwa ndogo mno.

Ya kwanza katika hesabu hiyo ni jina ambalo nataka ulikariri: Mringe. Alikuwa mlemavu wa mwili, maskini, mtu ambaye kijijini hakuna aliyetegemea neno lake barazani. Huyo ndiye aliyesikiliza. Alibatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1850, akiwa karibu kufa, na hakuishi kuliona kanisa lolote. Baada yake akaja Abe Gunja. "Abe" ni kusema baba wa fulani, kama tunavyosema Baba Otieno au Baba Wanjiru. Mwanawe, Nyondo, akabatizwa pia, akaitwa Isaac. Mlemavu aliye kitandani, mzee mmoja, na kijana wake. Hilo ndilo tunda la miaka zaidi ya kumi.

Krapf aliondoka mapema kwa sababu ya afya. Aliendelea na kazi ya lugha huko kwao, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Rebmann akabaki. Kwa jumla alikaa nchi hii miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mkewe Emma akafa mwaka 1866. Macho yake yakaanza kufifia. Alipotembelewa mwaka 1873 na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kumsukuma Sultani aifunge biashara ya watumwa baharini, Rebmann alikuwa karibu kipofu, akiishi kimya pale Kisuludini, Rabai, na kundi dogo sana la waumini na rundo la karatasi.

Karatasi hizo zilikuwa kamusi. Moja ilikuwa ya lugha ya watu wa Nyasa, ambayo leo ndiyo Malawi. Rebmann hakuwahi kufika Nyasa. Alifundishwa lugha hiyo na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetekwa huko na kuletwa pwani. Fikiria hao wawili, mpendwa. Mmoja ameondoka kwao kwa hiari, mwingine ameburutwa kwa minyororo, wamekaa Rabai wakiandika neno baada ya neno kwa ajili ya watu ambao Rebmann hatawaona kamwe. Kitabu kilichapishwa mwaka 1877. Rebmann alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla.

Mwaka 1875 alirudi Ujerumani, na kwa kuwa hakuona, aliongozwa njiani na mtu. Aliyemwongoza ni yule Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Mrabai alimshika mkono mmisionari akampeleka kwao.

Sisi wachungaji tukikutana kwenye makongamano swali la kwanza baada ya "habari ya safari" ni "kanisani una watu wangapi sasa?" Rebmann angejibu nini? Na ungempa dakika ngapi madhabahuni?

Sasa tufike kwa wale wengine, maana binti yule aliniuliza juu ya Wakristo, na si juu ya Wajerumani. Hao wengine walifika Rabai kwa njia ya ajabu.

Miaka ile manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Watoto waliookolewa hawakurudishwa kwao, kwa sababu wengi hawakujua kwao ni wapi, na njia ya kurudi ilikuwa ileile ya wafanyabiashara. Wengi walishushwa Bombay. CMS ilikuwa na makao yao karibu na mji wa Nashik, mahali panapoitwa Sharanpur, chini ya kasisi mmoja, William Salter Price. Huko walisoma, wakajifunza useremala na uhunzi, wakabatizwa, wakapewa majina ya Kiingereza. Mwaka 1864 wachache wao wakaletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Miongoni mwao walikuwa George David, Ishmael Semler na William Jones. Watu wa pwani waliwaita Wabombay.

Hebu jiweke mahali pa William Jones. Umetekwa ukiwa mtoto Afrika. Umelelewa Bara Hindi. Umerudi Afrika ukiwa mtu mzima, lakini si kwa mama yako. Rabai si kwenu. Kirabai si lugha yako. Wazungu wanakuona Mwafrika na Waafrika wanakuona umefanana na Wazungu. Lakini ni watu hao waliofundisha shule, waliosomesha ibada, waliotembea na watu. Mwaka 1875 CMS ilipofungua Frere Town ng'ambo ya Mombasa kuwapokea watumwa walioachiliwa, Wabombay ndio walioibeba. Wewe unayepita Kengeleni kila asubuhi ukienda kazini Nyali, ile kengele ni yao.

Mwaka 1885 askofu mpya, James Hannington, akawawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi, Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo ya Anglikana katika nchi yetu. Na hapo ndipo habari inapokuwa nzito.

Julai mwaka huohuo Hannington aliondoka Rabai kwenda Uganda. Msafara ulikuwa wa watu 200 na zaidi, na shemasi mpya, Jones, alikuwa pamoja naye. Askofu alitaka njia fupi, kupitia nchi ya Wamasai hadi Kavirondo, halafu Busoga. Hakujua au hakuzingatia kwamba Kabaka Mwanga aliiogopa sana njia hiyo. Wajerumani walikuwa wameanza kunyakua ardhi upande wa Tanganyika, na mgeni mweupe akija kwa mlango wa nyuma wa ufalme angeonekana mwindaji wa nchi. Msafara ulipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, Hannington akamwachia Jones sehemu kubwa ya watu na mizigo, akaendelea na watu 50. Akakamatwa Busoga. Oktoba 29, 1885, akauawa kwa amri ya Mwanga, pamoja na karibu wote waliokuwa naye. Wachache sana walitoroka na kurudi kwa Jones na habari hiyo.

Tunamkumbuka Hannington, na ni haki. Lakini tazama aliyebaki. Jones yuko Kwa Sundu, mamia ya maili kutoka pwani, na watu zaidi ya mia moja mikononi mwake. Hana askofu. Hajui kama atafuatwa. Akangoja, akitumaini labda habari si kweli. Halafu akawageuza watu wake, akawarudisha kwa miguu njia yote ile, na Februari 1886 wakaingia Rabai. Wake za wale 50 walikuwa wamekuja kupokea waume zao. Mbele ya msafara mtu mmoja alibeba bendera ya buluu, rangi ya msiba, na juu yake kwa herufi nyeupe wameshona neno moja: Ikabodi.

Wewe msomaji wa Neno unalijua jina hilo. Fungua 1 Samweli sura ya 4. Sanduku la agano limetekwa, Eli amekufa, Finehasi amekufa, na mjane anazaa mtoto akiwa anakata roho. Jina analompa mtoto ni la kusema kwamba utukufu umekwenda zake. Hilo ndilo neno kanisa la Rabai lilibeba kwenye kitambaa, likiimba na kulia, likipanda ule mlima.

Mwaka uliofuata ndio 1887.

Sikulijua hilo tulipokuwa tumesimama ndani ya kuta zile, nimekuja kuziweka tarehe pamoja nikiwa nyumbani. Jengo lile akina mama walilolikuta wakinyoosha miguu lilisimama mwaka mmoja tu baada ya bendera ya Ikabodi. Sina haja ya kukuhubiria hapo.

Lakini waliojaa ndani ya kanisa hilo walikuwa nani? Hawa ndio wananikosesha usingizi.

Kumbuka sheria ilivyokuwa. Mkataba wa 1873 ulifunga biashara ya watumwa kwa bahari. Haukuufunga utumwa wenyewe. Mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi, ya minazi na nafaka, yaliendelea kulimwa na watumwa, na kwa sheria mtu huyo alikuwa mali ya bwana wake. Akitoroka, yeye ni mwizi wa nafsi yake mwenyewe. Waliitwa watoro. Na watoro walikuwa wamesikia kwamba mlimani Rabai kuna watu waliokuwa watumwa na sasa wanasoma vitabu na kula jasho lao. Wakaanza kuja. Usiku, mmojammoja, wawiliwawili, mama na mtoto mgongoni.

Hapo misheni ilikuwa na swali ambalo halina maombi ya kulikwepa. Mtu amegonga mlango. Ana alama za minyororo. Nyuma yake yuko bwana wake na watu wenye bunduki, na sheria iko upande wa bwana. Balozi wa Uingereza anakuonya usimpokee. Kamati yako London inasema usiwafiche watoro, mtatuharibia kazi yote. Utafanya nini?

Wengine walimfungua Paulo kwa Filemoni, wakasema tazama, Onesimo alirudishwa. Ni kweli alirudishwa, lakini alirudishwa na barua inayomtaka Filemoni ampokee kama ndugu mpendwa, na Paulo akajitolea kulipa deni lake. Wangapi kati ya wenye mashamba wa Takaungu wangepokea barua ya namna hiyo? Wengine walifungua Torati, Kumbukumbu 23, mstari wa 15 na wa 16, ambapo Israeli anakatazwa kumrudisha mtumwa aliyemkimbilia, na anaagizwa amwache akae anapopenda. Soma mwenyewe leo jioni. Mimi katika miaka yangu yote ya kukaa kanisani sijasikia mistari hiyo miwili ikihubiriwa, na bado ilikuwa suala la uhai na kifo kilomita chache kutoka Mazeras.

Kuna waliolipa kwa damu. Wagiriama wawili walioamini, Abe Ngoa na David Koi, walikaa na watoro ndani ya nchi, mahali panapoitwa Fuladoyo. Hapakuwa na Mzungu pale, ilikuwa misheni ya Waafrika wenyewe, watoro na wenyeji wakilima na kusali pamoja. Mwaka 1883 wenye watumwa walimkamata David Koi wakamuua. Anahesabiwa kuwa shahidi wa kwanza wa imani ya Kikristo katika Kenya. Umewahi kusikia mtoto kanisani kwetu akipewa jina lake? Tuna akina Reinhard na Benny wengi tu.

Na Rabai? William Jones, aliyekuwa akiliangalia kanisa hilo katika miaka hiyo, alikuwa amewahi kuwa mtumwa yeye mwenyewe. Sasa unamtazamia atamwambia nini mtu aliyekuja usiku? Alifungua mlango. Watu wakajenga vibanda, wakapewa vipande vya kulima, watoto wakaingia shule. Mwaka 1888 Price alipotumwa tena kuja kuangalia, akakuta watoro si wachache waliojificha vichakani. Walikuwa mamia kwa mamia, ndio waliokuwa wingi wa watu wa misheni. Kwa wakubwa ilikuwa aibu na hatari, lakini kwangu mimi ndicho kitabu cha ushirika bora kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Mwaka huohuo kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa ilikuwa inaanza kutawala pwani, na wenye watumwa wa Mombasa walikuwa wamekasirika kiasi cha kutishia vita. Wakala wa kampuni, George Mackenzie, akaona njia moja. Akapatana nao walipwe fidia, nao wawaachilie watoro wote walioko misheni. Waliohesabiwa, Rabai pamoja na vituo vingine vikiwemo vya Wamethodisti, walikuwa zaidi ya 1,400. Januari 1, 1889, siku ya Mwaka Mpya, walikusanyika Rabai na kugawiwa hati za uhuru, kila mtu na yake.

Wewe umewahi kukesha Mwaka Mpya ukingoja muujiza. Piga picha mkesha huo.

Na usikubali nikuuzie habari hii ikiwa imepakwa sukari. Aliyelipwa fidia ni aliyemfunga mtu. Aliyefungwa alipewa karatasi. Hakuna aliyemlipa kwa miaka aliyolima bure, wala kwa mtoto aliyeuzwa. Na utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali pwani hadi mwaka 1907, miaka mingine 18. Aliyetoroka Januari 2, 1889 alikuwa mtoro kama wa jana. Tena baadhi ya wamisionari, kwa mawazo ya wakati ule, waliwatawala walioachiliwa kwa ukali na kuwanyima nafasi Wabombay kama Jones walizostahili. Nayasema haya kwa sababu kanisa likisimulia historia yake kwa kuficha, watoto wetu wataisoma mahali pengine na kutuuliza kwa nini tulificha.

Leo pale penye kanisa kuna makumbusho ndogo yenye jina la Krapf. Jina hilo limestahili. Nilimuuliza yule mzee kama kuna mahali yameandikwa majina ya wale 1,400. Akaacha ufagio, akafikiri, akasema, "Majina mengine ni sisi." Akatutajia jina la babu wa babu yake, la Kiyao, na jina alilopewa kwa ubatizo, na kipande cha shamba alicholima.

Basi nina ombi. Tuna watu wengi katika ushirika wetu waliotoka Rabai, Ribe, Jomvu, Frere Town, Kaloleni. Najua baadhi yenu nyumbani kwenu kuna jina la ukoo ambalo watu huuliza, "Hili jina ni la kabila gani?" na mmezoea kunyamaza. Kaa na nyanya yako au mzee yeyote wa upande huo kabla mwezi haujaisha. Muulize jina la wa kwanza kufika misheni, alitoka wapi, na alifika namna gani. Andika kwenye karatasi, na Jumapili mpe katibu wa kanisa. Kama unajua jina moja tu, leta hilo moja. Ibada ya mwisho wa mwezi tutayasoma yote kwa sauti, kabla ya mahubiri, nami nimeshamwambia kiongozi wa sifa apunguze nyimbo mbili ili muda utoshe.